Retina imerudi mahali pake. Miwani ni lini?

Leo nina neno na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa retina, akarudi nyumbani hapa kwetu Kiwangwa jicho likiwa limefunikwa, akangoja kama alivyoambiwa, kisha akalifunua na kukuta haoni alivyotarajia. Nina neno pia na watoto wake na ndugu waliochanga nauli. Katika nyumba hiyo linaulizwa swali: mbona walisema upasuaji umefanikiwa? Na likishaulizwa hilo, linafuata la pili: basi tumnunulie miwani?

Miwani itakuja, ndugu yangu, lakini si leo na si yoyote ile. Kabla hamjatoa hata shilingi, mgonjwa na anayemuuguza wajue kitu kimoja: madaktari wameacha nini ndani ya jicho lile? Wameacha gesi? Wameacha mafuta? Wamefunga mkanda kwa nje? Au hawakuacha kitu? Asiyejua jibu la swali hilo, hata akienda kwa mtaalamu hodari kabisa wa miwani pale Dar es Salaam, atapimwa kwa kubahatisha, na miwani atakayolipia inaweza kuwa haina kazi kabla msimu wa mananasi haujaisha.

Tuanze na jicho lenyewe. Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma kabisa ya jicho, kwa ndani. Mwanga unaoingia kupitia mboni unatua hapo, na kutoka hapo taarifa inasafiri kwenda kwenye ubongo. Utando huu ukichanika, majimaji yaliyomo ndani ya jicho yanapenya kwenye tundu na kuubandua, kama plasta inavyobanduka kwenye ukuta ulioingiwa na maji ya mvua. Retina iliyobanduka inakosa lishe inayoipata kutoka tabaka la nyuma yake, na chembe zake zinaanza kufa. Hupata haya mtu mwenye uoni wa karibu uliokithiri, aliyepigwa jichoni, aliyewahi kutolewa mtoto wa jicho, na mwenye kisukari kilichoachwa kikaharibu mishipa ya damu ya jicho mpaka makovu yakaivuta retina.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, retina ikibanduka jicho lilihesabiwa limekwisha. Daktari Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyewaonyesha wenzake katika miaka ya 1920 kwamba tundu likizibwa retina hurudi. Mwaka 1949 Ernst Custodis, Mjerumani, akaanza kushonea kitu kwa nje ya jicho ili ukuta uingie ndani na kuifuata retina pale ilipo. Kisha mwaka 1971, mwaka uleule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi, Robert Machemer akachapisha huko Marekani njia ya kuingia ndani ya jicho kwa vifaa vyembamba mithili ya sindano, kuutoa ute uliojaa humo na kuifanyia kazi retina moja kwa moja. Upasuaji wa retina anaofanyiwa Mtanzania leo unatoka katika kazi za watu hao.

Sasa, daktari anaposema upasuaji umefanikiwa, anachosema ni kwamba retina imekaa mahali pake. Hajasema kwamba utatunga uzi kwenye sindano. Katikati ya retina pana sehemu ndogo sana tunayoitumia kusoma na kutambua sura ya mtu. Kama sehemu hiyo ilikuwa bado haijabanduka ulipofika hospitali, matumaini ya kuona vizuri ni makubwa. Kama ilikuwa imeshabanduka kwa siku kadhaa, jicho linaweza kuendelea kupata nafuu kwa miezi, pengine hata mwaka mzima, na mara nyingi uoni haurudi wote. Ningependa kila hospitali imwambie mgonjwa maneno haya kabla hajalala kitandani, kwa Kiswahili kinachoeleweka, maana wengi wanarudi vijijini wakidhani wametapeliwa, kumbe kazi imefanyika vizuri sana.

Turudi kwenye kilichoachwa ndani. Tuseme ni gesi. Gesi huwekwa ili iikandamize retina wakati makovu ya leza yanashika. Kuna gesi inayokaa kama wiki mbili, na kuna nyingine inayokaa mpaka wiki nane. Wakati huo wote jicho linaona ukungu mtupu, na kadiri gesi inavyopungua mgonjwa huona mstari unaochezacheza mbele yake anaposogeza kichwa. Usihangaike na miwani kipindi hicho. Hakuna lenzi itakayosaidia. Kinachotakiwa ni kulaza kichwa kama ulivyoagizwa, hata kama ni kulala kifudifudi na shingo inauma, na kungoja.

Lakini gesi ina hatari moja ambayo watu wetu wanaosafiri kwa basi wanapaswa kuisikia. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito na gesi iliyo ndani ya jicho inatanuka. Jicho halina pa kutanukia. Presha yake inapanda, na mshipa wa kuonea unaweza kuumia moja kwa moja. Ndiyo sababu mwenye gesi jichoni hakatazwi ndege tu, bali hata kupanda milimani kwa gari. Mtu wa Kiwangwa aliyepasuliwa Moshi anateremka kuja pwani, basi linamshusha Msata, na njia yake kwa jumla ni ya kushuka. Aliyepasuliwa Dar es Salaam kisha akaitwa msibani Lushoto anapanda kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Msiba ni msiba, najua uzito wake kwetu, lakini huyo abaki nyumbani na ndugu zake wampe udhuru. Na kama ataugua jambo jingine akahitaji kupasuliwa, amwambie mtoa dawa ya usingizi kwamba jichoni mwake mna gesi, kwa sababu ipo gesi ya usingizi inayoitanua ile ya jichoni.

Nataka nikae zaidi kwenye mafuta, maana huko ndiko ninakoona watu wetu wakipotea. Yanaitwa mafuta ya silikoni. Hutumika pale ambapo retina ilikuwa imeharibika sana, imechanika mahali pengi au imejikunja kwa makovu, na daktari anataka kitu kitakachoishikilia kwa miezi badala ya wiki. Tofauti na gesi, mafuta hayayeyuki yenyewe. Yaliwekwa kwa mkono wa daktari na lazima yatolewe kwa mkono wa daktari, mara nyingi baada ya miezi mitatu mpaka sita, isipokuwa pale daktari mwenyewe anapoamua kwamba retina haitasimama bila mafuta na kuyaacha kwa makusudi.

Mafuta haya yanaupinda mwanga kwa namna nyingine kabisa na ute wa asili. Katika jicho ambalo bado lina lenzi yake ya kuzaliwa, namba ya miwani inasogea upande wa chanya kwa takriban dayopta 5 au 6. Hiyo ni miwani nene katikati, aina ambayo mtu hajawahi kuivaa maishani mwake. Mtu aliyekuwa akiona mbali bila tabu anaamka haoni mbali wala karibu. Akipimwa miwani wakati huo, namba itapatikana, na kweli ataona vizuri zaidi. Kisha mafuta yakitolewa, namba ile inaondoka pamoja nayo. Miwani iliyogharimu mauzo ya matenga kadhaa ya mananasi inabaki kwenye kabati.

Kwa hiyo fanya nini? Kama mafuta yatatolewa karibuni na jicho la pili linaona vizuri, ngoja. Tumia jicho la pili. Kama hilo lililopasuliwa ndilo jicho pekee, usikae gizani nusu mwaka. Tengenezewa miwani ya bei nafuu kabisa, fremu ya kawaida, lenzi moja tu ya plastiki, ukijua wazi kwamba ni ya muda. Na kama daktari ameamua mafuta yabaki daima, hapo pimwa kwa utulivu na ununue miwani ya kudumu, maana jicho lako la sasa ndilo hilo.

Ila kwa mtoto mdogo sheria inageuka. Ubongo wa mtoto bado unajifunza kuona, na jicho linaloleta picha ya ukungu kwa miezi linaweza kuachwa na ubongo usilijali tena hata likija kupona. Mtoto wa miaka minne au mitano aliyewekewa mafuta anahitaji miwani mapema sana, na kubadilishiwa kila namba inapobadilika, na pengine kuzibwa jicho zima kwa saa kadhaa kwa siku ili lile la upasuaji lifanye kazi. Hapo kungoja ni hasara. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo asikubali kuambiwa arudi mtoto akishaanza shule.

Upande wa mkanda ni mwepesi kidogo. Mkanda wa silikoni hushonewa nje ya jicho na kulibana kiunoni. Jicho lililobanwa hurefuka, na linaporefuka linakuwa la kuona karibu. Mara nyingi namba inasogea upande wa hasi kwa dayopta 1 mpaka 3, na jicho linaweza pia kupinda umbo kidogo. Mabadiliko hayo hutulia baada ya miezi miwili au mitatu, na hapo ndipo miwani ipimwe. Wapo wanaoanza kuona vitu viwiliviwili kwa sababu mkanda unagusa misuli inayolizungusha jicho. Hilo lina tiba, ama lenzi yenye prizimu inayoziunganisha picha mbili, ama upasuaji wa misuli. Usikae ukijifumba jicho moja njiani ukidhani ndivyo itakavyokuwa milele.

Halafu kuna mtoto wa jicho. Wengi wenye umri unaozidi miaka 50 waliotolewa ute wa jicho hupata mtoto wa jicho ndani ya miaka miwili hivi. Mzee anaona vizuri mwezi wa tatu, mwezi wa kumi anaanza kulalamika kwamba ukungu umerudi, na nyumba nzima inasema upasuaji umeharibika. Mara nyingi retina imekaa salama, ila lenzi ya asili imechafuka. Tangu Harold Ridley alipoweka lenzi ya bandia ya kwanza jichoni mwa mtu huko London mwaka 1949, tatizo hili lina dawa, na kwa mgonjwa wetu hii ndiyo nafasi nzuri kuliko zote ya kurekebishiwa uoni. Daktari anapochagua nguvu ya lenzi ya kuweka, anaweza kuichagua ili ifidie ule urefu ulioletwa na mkanda, na ilikaribie jicho la pili. Mkulima anayetaka kuona shamba lake lote na barabara anaweza kuchaguliwa lenzi ya mbali, fundi cherehani akachaguliwa ya karibu. Basi sema kazi yako kabla ya upasuaji. Na sema historia yako yote, hasa kama mna mafuta. Mawimbi ya sauti yanayotumika kupima urefu wa jicho hupita polepole ndani ya mafuta, na mashine isiyorekebishwa italiona jicho kuwa refu kuliko lilivyo. Itachaguliwa lenzi isiyo na nguvu ya kutosha, na utatoka na tatizo jipya.

Haya, mafuta yametoka, gesi imekwisha, mtoto wa jicho ameshughulikiwa, miezi imepita na namba imetulia. Sasa tuzungumze miwani yenyewe.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya sebuleni. Chukua kipande cha karatasi ngumu, toboa tundu dogo kwa sindano, ziba jicho la pili, kisha tazama kalenda ya ukutani kupitia tundu hilo. Kama herufi zinasafika, basi sehemu ya tatizo ni ya namba, na miwani itasaidia. Kama hakuna tofauti, au ni afadhali bila karatasi, huenda kilichobaki ni jeraha la retina lenyewe, na hakuna lenzi duniani inayolitibu. Jaribio hili halichukui nafasi ya kupimwa, lakini linakupa la kumuuliza daktari, na linakukinga na mfanyabiashara anayeahidi kila mtu.

Vivyo hivyo kwa anayeona mlango ulionyooka ukiwa umepinda, au mistari ya daftari ikienda mawimbi. Hiyo ni retina iliyorudi ikiwa na mikunjo. Miwani haiinyooshi. Hupungua yenyewe kwa kiasi fulani na miezi, na mara nyingine kuna utando mwembamba juu ya retina ambao daktari anaweza kuuondoa. Sema, uchunguzwe.

Ugumu mkubwa wa miwani baada ya upasuaji wa retina ni tofauti kati ya macho mawili. Jicho moja namba hasi 4, jingine sifuri. Lenzi za miwani hukuza au kupunguza ukubwa wa picha, na tofauti ikizidi dayopta 3 hivi, watu wazima wengi hushindwa kuziunganisha picha mbili zisizolingana ukubwa. Kichwa kinauma, ngazi zinaonekana zinahama, mtu anaitupa miwani na kusema mtaalamu hajui kazi. Hapo kuna njia kadhaa. Mtaalamu anaweza kupunguza namba ya jicho moja makusudi, ukose ukali kidogo lakini utembee bila kizunguzungu. Anaweza kuliacha jicho dhaifu na lenzi ya kulinganisha tu uzito, miwani ikatumikia jicho zima. Ni uamuzi wa busara pale ambapo jicho lililopasuliwa linaona kwa shida hata likisaidiwa, na mgonjwa asiuone kama dharau.

Ipo pia lenzi ndogo ya kuvaa juu ya jicho lenyewe. Kwa kuwa imegusana na jicho, haibadilishi sana ukubwa wa picha, kwa hiyo kitaalamu ndiyo jibu bora kwa macho yasiyolingana. Kwa mwalimu wa Bagamoyo mjini mwenye maji safi ya kunawia mikono na uwezo wa kununua dawa ya kuoshea, ningesema ajaribu. Kwa mtu anayeshinda shambani Kiwangwa, sishauri. Lenzi hizi haziruhusu kuoshwa kwa maji ya kisima wala ya bomba, kwa sababu kuna vijidudu vya majini vinavyokula kioo cha mbele cha jicho. Haziruhusu kulala nazo. Vumbi la shamba likiingia chini yake, kioo kinachubuka, na kidonda cha kioo cha jicho kinaweza kukupoteza kile ambacho daktari wa retina amekuokolea.

Watu huniuliza pia kuhusu leza ya kuondoa miwani. Leza hiyo inachonga kioo cha mbele cha jicho. Retina haiigusi. Kwa jicho lililopasuliwa retina, inafikiriwa tu baada ya namba kutulia kwa muda mrefu na daktari wa retina kuruhusu, kwani baadhi ya mashine hulibana jicho wakati wa kazi. Kwangu mimi hii ni ya mwisho kabisa kwenye orodha, na sioni sababu ya mtu wa kawaida kukopa fedha kwa ajili yake.

Na ile miwani ya kusomea inayouzwa stendi? Haitaliharibu jicho la mtu mzima, hilo watu waache kuogopa. Shida yake ni kwamba macho yote mawili yamepewa nguvu moja na kupinda kwa jicho hakukuzingatiwa, wakati jicho lililofanyiwa upasuaji wa retina ni nadra kufanana na mwenzake. Inaweza kukusaidia kuangalia ujumbe wa simu. Isikuzuie kwenda kupimwa.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipigania. Kwa mtu aliyebaki na jicho moja zuri, miwani ya kwanza kununua ni ya kulikinga hilo zuri, hata kama halihitaji namba yoyote. Aombe lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi ikipigwa, na fremu inayofunika vizuri. Sisi hapa tunalima mananasi. Jani la nanasi lina ncha kali, na mtu anapoinama kupalilia au kukata tunda, uso wake uko usawa wa ncha hizo. Jani likichoma kioo cha jicho linaweza kupanda fangasi ndani yake, na vidonda vya fangasi ni vigumu kutibu hata kwenye hospitali kubwa. Najua miwani inaingia jasho, najua joto la pwani. Ifute na uivae tena. Kwa mwenye jicho moja, kuingia shamba la mananasi macho wazi ni kuuweka rehani mwanga wake wote.

Na yule ambaye miwani imefika mwisho wake bado haoni vya kutosha, asikunje mikono. Uoni hafifu una vifaa vyake: vikuzio vya mkononi na vya mezani, taa yenye nguvu iliyowekwa karibu na ukurasa, kofia pana kwa anayesumbuliwa na jua, kalamu nene, simu iliyoongezwa ukubwa wa herufi au inayosoma kwa sauti. Gordon Brown alipoteza jicho la kushoto kwa retina kubanduka baada ya kuumia akicheza raga shuleni akiwa na miaka 16, na baadaye jicho la kulia nalo likachanika retina, likaokolewa kwa upasuaji. Aliiongoza Uingereza akiwa Waziri Mkuu kuanzia 2007 hadi 2010, akiandika kwa kalamu nene nyeusi na kusoma karatasi zilizochapwa kwa herufi kubwa. Mtoto wetu mwenye uoni hafifu anayekalishwa dawati la nyuma kwa sababu fomu ya shule haikuuliza macho yake, ana haki ya herufi kubwa hizo hizo.

Nimebakiza la njia. Hospitali ya wilaya haipasui retina. Mtu wa huku hupewa rufaa aende Dar es Salaam, au anafunga safari mpaka KCMC Moshi. Safari ya kwanza familia inachanga, ukoo unachanga, kijiji kinajua. Safari ya pili, ile ya kutoa mafuta na ya kupimwa miwani, haina mchango. Jicho haliumi, mgonjwa anaonekana mzima, shamba linamwita, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi inapita. Mafuta yaliyopitiliza hugawanyika vitone vidogo, huziba njia ya maji ya jicho, presha inapanda, kioo cha mbele kinaota ukoko mweupe. Jicho lililookolewa na upasuaji mgumu hupotea kimyakimya kwa kukosa nauli ya kurudi.

Wenzetu wa hospitali, naomba mwandike kwenye kadi ya mgonjwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: kimewekwa nini, kitatolewa lini, miwani ipimwe lini. Karatasi yenye vifupisho vya kitabibu haimsaidii mhudumu wa zahanati wala mtaalamu wa miwani atakayeishika baadaye. Na nyinyi mnaochanga, gaweni mchango mapema. Tengeni nauli ya kurudi kabla hamjampakia mgonjwa kwenye gari la kwenda.

Na wewe uliyepasuliwa, ukiona mimweko ya mwanga, vidoa vyeusi vinavyoelea kwa wingi ghafla, au kivuli kinachofunika upande wa jicho kama pazia, iwe jicho lilelile au la pili, usingoje mnada wala mavuno. Nenda siku hiyohiyo. Na kama jichoni mwako waliweka mafuta na tarehe ya kurudi imeshapita, itafute kadi yako leo, na upande gari wiki hii.